Minyoo ya Mwenyekiti

Samaki wa kwanza kukonda alikuwa Mwenyekiti. Jina hilo alipewa na mke wa fundi saa, enzi za uhai wake, kwa kuwa kila chakula kilipotiwa majini ni yeye aliyefika wa kwanza na kuwatimua wenzake. Sasa Mwenyekiti alikifuata chakula, akakitia mdomoni, kisha akakitema. Tumbo lilikuwa limeingia ndani, na kinyesi chake kilining'inia nyuma kama uzi mweupe.

Tangi lilikuwa dukani, kando ya meza ya kazi. Mkewe alipofariki, watu walimshauri fundi awagawe wale samaki apunguze shughuli. Akawaitikia "sawa," na hakumgawa hata mmoja. Sasa samaki walipoanza kukonda, alibadilisha maji, akabadilisha chakula. Wapi. Alhamisi asubuhi alikuta wawili wanaelea, wamekufa.

Mtu pekee aliyemjua mwenye kuelewa dawa za wanyama alikuwa mkaza mwana wake, na hapo ndipo miguu ilipokuwa mizito. Mwanamke huyo aliuza katika duka la dawa za mifugo. Mwanawe alipoleta habari ya kumuoa, fundi aliropoka mbele ya ukoo: "Yaani tumezunguka kote, tumeangukia kwa mnusa kuku?" Maneno yakamfikia mwenyewe. Tangu hapo, mwaka wa tatu huu, alimpa baba mkwe heshima yake yote: shikamoo, chai, kwaheri. Zaidi ya hapo, kimya.

Fundi akafunga duka, akaenda kwenye duka la dawa.

"Shikamoo, baba. Nyumbani salama?"

"Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Ni samaki." Nyuma yake mtu mwenye gunia la chakula cha kuku alicheka chini chini.

Mkaza mwana hakucheka. Aliuliza wanakula vipi, kinyesi kikoje, na kama kuna samaki wapya.

"Wanne. Niliwanunua mwezi uliopita."

"Uliwatenga kwanza kwenye chombo chao?"

"Niwatenge kwa nini? Walikuwa wazuri tu."

"Basi huenda wamekuja na wageni tumboni. Nahisi ni minyoo, baba. Lakini samaki sijasomea, sitaki kukudanganya." Akampigia simu daktari wa mifugo, akasikiliza, akaandika nyuma ya boksi la dawa. "Anasema tusitie dawa kwa kubahatisha. Tuangalie wanapotolea haja. Tukiona nyuzi nyekundu zimechomoza, dawa yake ninayo hapa, ile ya minyoo ya mbuzi. Tusipoziona, ni jambo jingine na dawa nyingine."

Jioni mkaza mwana alipitia dukani kwa fundi akitoka kazini, dawa mkobani. Fundi akabana jichoni kile kioo chake cha kukuzia vyuma vya saa, akainamia tangi. Mwenyekiti hakuwa na haraka ya kukaguliwa. Alizunguka, akajificha nyuma ya jiwe, akarudi. Karibu saa nzima ilipita kabla hajatulia, mkia umeelekea kwenye kioo cha tangi.

"Nyekundu," fundi akanong'ona. "Mbili. Hapana, tatu. Zinacheza."

Akakitoa kioo jichoni, akampa. Hata mwanawe hakuwahi kukishika. Mkaza mwana akatazama kwa muda, akashusha pumzi. "Ndiyo yenyewe, baba. Na kama huyu anayo, wote wanayo. Tutatibu tangi zima."

Fundi akasema tangi ni la lita mia. Mwanamke akakataa. "Mia ni la tupu. Humu kuna mchanga na mawe. Tukikosea hesabu tutawaua sisi wenyewe." Wakapima kwa rula, wakatoa vya kutoa, wakabaki na lita sabini na nane. Unga wa dawa ulitakiwa kidogo mno, basi wakaupeleka kwa sonara wa jirani mwenye mizani ya dhahabu.

"Hii ni dhahabu ya wapi?" sonara akauliza.

"Ya mbuzi," mkaza mwana akajibu, na fundi akacheka hadi akatafuta pa kushika.

Walitoa mkaa kwenye kichujio usije ukanyonya dawa, wakaikoroga, wakaimimina, wakalifunika tangi kwa shuka kwa sababu mwanga huidhoofisha. Fundi alibaki ameshika ncha ya shuka.

"Lile neno langu la kuku," alisema.

"Nililisikia, baba."

"Najua. Nilikukosea, na nimechelewa kusema."

Mkaza mwana aliikunja ncha yake ya shuka, akaikunjua. "Kuku wananuka kweli," alisema hatimaye. "Lakini liliniuma." Kisha akamuuliza kama kuna maji ya chai, akachemsha mwenyewe, na safari hii akakaa akainywa.

Kesho yake walifunua. Minyoo ililala mchangani, myembamba, myekundu. Wakainyonya kwa mpira wa maji, wakabadilisha zaidi ya nusu ya maji. Samaki mmoja zaidi alikufa siku hiyo. Siku ya nne fundi alipiga simu katikati ya kazi.

"Amemeza."

"Nani kameza nini?" mkaza mwana akashtuka.

"Mwenyekiti. Hakutema."

Baada ya wiki tatu wakatia dawa mara ya pili, kwa ajili ya vijidudu vilivyobaki, na hakuna samaki aliyekufa. Matumbo yalijaa. Habari ikatoka kwa sonara ikaenea mtaa mzima, na mchana mmoja karani wa ofisi ya jirani akaingia amekumbatia chupa ya maji yenye samaki mmoja mwembamba.

"Nimeambiwa hapa ndipo kwa daktari wa samaki."

Fundi akasogeza kiti. "Mimi ni msaidizi tu," akasema. "Daktari ni mkaza mwana wangu, anatoka kazini saa kumi na moja. Hebu nikuulize kwanza: kinyesi chake kikoje?"