Pembe Nne za Sanduku la Wavinya

Sanduku la Wavinya lilipopandishwa kwenye paa la ghorofa lao huko Kware, wapangaji walitoka milangoni kulitazama likipita. Fundi wa Gikomba alikuwa amelipiga msasa na vanishi, akalitia bawaba za kung'aa, wavu juu na kufuli mbele. Ungedhani ni kabati la bibi harusi. Kumbe ni bruda tu, nyumba ya kulelea vifaranga, na hao vifaranga wenyewe hawakuwa na unyoya wa maana mwilini.

Chanzo cha fahari yote hiyo kilikuwa Waruguru, yaani Mama Lorraine, jirani wa mlango wa pili. Yeye alilea vifaranga wake nyuma ya matangi ya maji, ndani ya mduara wa katoni kuukuu zilizofungwa kwa waya, maranda chini, jiko la makaa katikati. Takataka tupu, machoni pa Wavinya. Lakini kila aliyepanda kuanika nguo alisimama pale akawachekea. Dedan, keateka mtunza nyumba, alimleta hata mwenye ploti awaone. Siku moja Muthama, mume wa Wavinya, akasema akiwa mezani, "Yule mama ana mkono wa kuku." Aliyekula ni Muthama, lakini tonge lilimkwama Wavinya.

Waruguru aliponunua vifaranga wengine, Wavinya alihakikisha amenunua siku ile ile, kwa muuzaji yule yule. Asije mtu akasema wa mwenzake ni wa mbegu bora.

Basi wa Waruguru wakanenepa, wa Wavinya wakafa. Kila asubuhi alifungua kufuli akakuta wengine wamelala bapa pembeni. Alibadilisha chakula, akabadilisha balbu, akaanza hata kusema kwamba yupo mtu mwenye jicho baya juu ya paa lile. Kumuuliza Waruguru? Afadhali afuge paka.

Ndipo akaitwa kwao Mwala kwenye ntheo, mbuzi wa posa ya mpwa wake wakipokelewa, akamwachia Muthama ufunguo. Aliporudi alipanda moja kwa moja hadi juu, hata viatu vya sherehe hajavua. Vifaranga walikuwa wakikimbizana. Moyo wake ulifurahi kidogo tu, kwa maana katika kila pembe ya sanduku lake la vanishi palikuwa na kipande cha katoni kilichopindwa.

"Nani ametia uchafu huu?"

"Mama Lorraine," Muthama akajibu. "Anasema pembe ndizo zinawamaliza. Stima ikipotea wanasikia baridi, wanakimbilia kwa pembe, wanapandana, wa chini anakosa pumzi. Tangu aweke hizo katoni hakuna amekufa."

"Na kufuli alifunguliwa na nani?"

"Mimi, nani mwingine?"

"Kwa hivyo nikienda kwetu, nyinyi mnakutana huku juu."

"Wavinya, ni kuku!"

"Najua ni kuku!"

Akazing'oa katoni, moja baada ya nyingine, akazitupa chini kwenye jalala la uchochoroni. Waruguru alikuwa penye kamba akianua nguo, na aliona yote.

"Mama Nzivo," alisema taratibu, "leo kuna baridi."

"Baridi ni ya kila mtu. Shughulika na zako."

Wavinya alishuka amejaa ushindi. Ilikuwa Julai, na stima ilipotea kabla hata hawajalala. Aliisikia baridi miguuni, akamkumbuka Waruguru, akajifunika shuka hadi kichwani.

Asubuhi alifungua kufuli. Katikati ya sanduku hapakuwa na kitu. Wote walikuwa pembeni, marundo manne, waliokufa chini na wachache walio hai juu yao, wakilia kwa sauti nyembamba. Wavinya aliketi pale kwenye saruji akalia pia, tena kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Kisha akawakusanya waliobaki kwenye leso, akaenda nyuma ya matangi.

"Mama Lorraine, una katoni zingine?"

Waruguru aliitazama leso. "Sina. Lete hao hapa kwa jiko, haraka, wasipoe."

Akawasogeza wake kando kuwapa nafasi. Afadhali angemtukana. Wavinya aliwateremsha mmoja mmoja ndani ya mduara, nao wakajipenyeza katikati ya wenzao hadi penye joto.

Saa za mchana alikuwa bado amechuchumaa hapo wakati Dedan alipopanda kuangalia tangi.

"Ala, Mama Lorraine! Hawa wako wamekuwa wengi, na wote wako fiti!"

Lile tonge la zamani likamrudi Wavinya kooni. Akafungua mdomo aseme kwamba wengine ni wake. Akainama juu ya katoni, kidole tayari, awaonyeshe. Walikuwa wakidonoa, manjano wote, na hakumtambua hata mmoja.