Kiwanja cha Watoto, Carrowdrin

Alhamisi asubuhi Attracta Durkan alikata mkate wa magadi vipande vinene, akavipaka siagi, akavifunga kwa kitambaa safi na kuvitia kapuni. Mvua ilikuwa imekatika. Fidelma Heneghan, mwalimu wa shule ya kijiji, alikuwa amemwomba awatembeze wanafunzi wake na kuwaonyesha Carrowdrin ya zamani. Wengi wao wazazi wao walihamia kutoka Dublin, wengine kutoka Polandi, na hata wale wenyeji hasa waliijua runinga kuliko kisima cha babu zao. Attracta alikuwa amevuka miaka themanini, na miguu bado ilimtii. Alikubali.

Njia alipangiwa na Malachy Gilroy, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, mzee mwenye ng'ombe wengi na masikio yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria. Kisima cha mtakatifu, tanuri la chokaa, karakana ya mhunzi, kisha njia panda ambapo zamani vijana walicheza dansi Jumapili. Basi. Kamati ilikuwa inatengeneza bango la kuwaelekeza wageni, na Gilroy alitaka watoto wafundishwe yale yale yatakayoandikwa pale.

Kisimani watoto walichovya vidole. Kwenye tanuri walipiga kelele wakasikiliza mwangwi. Cathal, aliyekuwa na mdomo kuliko wenzake wote, aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuungua mle ndani.

"Mtu hapana," Attracta alisema. "Punda mmoja tu, na alijitakia mwenyewe."

Kutoka tanurini kwenda kwa mhunzi barabara inapita kando ya kiwanja kidogo cha Gilroy, kilichozungushiwa ukuta wa mawe. Ndani hamna kitu ila nyasi, mti wa miiba, na vijiwe vingi vilivyosimamishwa wima, hakuna kimoja kinachofika gotini. Ng'ombe hawaingizwi humo. Msichana wa Kipolandi, Zofia, ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka pale, alisimama akachungulia.

"Bibi, na hapa?"

"Hapa panaitwa Kiwanja cha Watoto."

"Mbona hakuna bembea?"

Attracta alimtazama mwalimu, na mwalimu akatazama buti zake za mpira. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwuliza Attracta habari za kiwanja kile, kwa kuwa kila aliyekuwa na mdomo wa kuuliza alikuwa anajua.

"Walizikwa hapa watoto waliokufa kabla ya kubatizwa," alisema.

"Kwa nini hawakuzikwa kanisani?"

"Walikataliwa."

"Walikuwa wamefanya nini?"

"Hakuna walichofanya, mwanangu. Hawakupata nafasi."

Hapo ndipo watoto wa kiwanjani walipoanza kuruka ukuta. Walitoka mmoja mmoja, kwa utaratibu, wakubwa wakiwapokea wadogo upande wa pili. Walikuwa na kimo cha watoto wa chekechea, kwani walikuwa wamekua kidogo mle ardhini kisha wakadumaa, kama viazi kwenye udongo wa kinamasi. Wengine walikuwa wamejifunga foronya, wengine magunia ya unga, na mmoja alikuwa amevaa shati la mwanamume lenye vifungo vya mfupa. Wote walikuwa peku. Walijipanga wawili wawili nyuma ya wanafunzi, wakangoja.

Mwalimu Fidelma aliwapitia kwa macho. "Shikaneni mikono," alisema. "Magari hukata kona hapa bila kupiga honi."

Wanafunzi wakawashika mikono. Cathal alisema wa kwake ana mkono wa baridi, akampa glavu moja.

Mvulana mwenye shati alikuja mbele moja kwa moja, akamshika Attracta mkono. Attracta alimtazama kidevu, kilichogawanyika katikati kama cha mumewe, halafu akalitazama shati, ambalo alikuwa amelishona mwenyewe wiki chache kabla ya harusi yake. Mtoto wake wa kwanza alikuwa ameishi kwa muda wa sala moja. Mkunga alimfunika, na jua lilipozama mumewe Packie alitoka na kisanduku kwapani, akarudi na matope mpaka magotini. "Tayari," alisema, akaketi kunywa chai. Attracta hakuuliza ni jiwe lipi, na Packie alikufa bila kusema. Shati alilitafuta mwaka mzima, akadhani limeibwa kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Haya, twende," alimwambia mvulana. "Bado mhunzi."

Kwa mhunzi, Gilroy alikuwa anawangoja na peremende mfukoni. Aliwagawia wanafunzi. Kisha msichana mmoja wa kiwanjani, mwenye masikio yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria, akasimama mbele yake na kumkodolea macho. Gilroy alimpa peremende mbili.

"Huyu ni wenu, Malachy," Attracta alisema. "Mama yako alimpata kabla yako."

"Simjui huyu," Gilroy alisema, na akaanza kueleza namna kiatu cha farasi kinavyopigwa.

Tangu siku hiyo watoto wa kiwanjani walikuwa wanakuja shuleni kila Alhamisi. Mwalimu aliongeza maziwa. Walikuwa watulivu na hawakugombana, ila hawakuwa na maneno, kwani hakuna aliyewahi kuwasemesha. Wanafunzi waliwafundisha. Mwanzoni walijua "mlango" na "mvua" na "ng'ombe", na baadaye kidogo walijua matusi mawili ya Cathal. Majina pia hawakuwa nayo, kwa hiyo walipewa: mmoja jina la mchezaji mpira, mwingine la paka wa kina Zofia. Yule mvulana mwenye shati walitaka kumwita Kifungo.

"Ana jina," Attracta alisema. Alikuwa ameketi nyuma ya darasa, na ilimbidi akohoe kwanza. "Anaitwa Colman."

Jina hilo alikuwa amekaa nalo miaka sitini bila kulitamka. Colman aligeuka kama mtu aliyeitwa na jirani.

Jumapili iliyofuata alimfuata Padri Loftus sakristia, chumba cha padri nyuma ya altare. Padri alikuwa kijana mpole, aliyeletwa kutoka dayosisi ya mbali, na alimwekea kiti.

"Packie yuko hapo nje, kwenye ardhi ya kanisa," Attracta alisema. "Mimi nafasi yangu iko kando yake. Nataka mtoto awekwe katikati yetu. Na wenzake nao waingizwe, popote patakapopatikana."

"Mama, Kanisa siku hizi halisemi tena yale ya zamani. Hao watoto wako mikononi mwa Mungu. Hilo nakuhakikishia."

"Hilo sikuuliza, Padri. Nauliza kama wanaingia."

Padri alisugua paji la uso. Yeye mwenyewe hana pingamizi, alisema. Lakini ofisi ya mambo ya kale imekiweka kiwanja kile chini ya ulinzi, kwa kuwa ni urithi wa taifa. Haliruhusiwi kuguswa hata jiwe moja. Amwulize mwenyekiti wa kamati, pengine watakitambua kwenye bango, na hapo familia zitapata faraja.

Attracta alimkuta Gilroy zizini, akikamua.

"Kwenye bango hakuna nafasi," alisema. "Na mgeni hatoki Amerika mpaka hapa kuja kuonyeshwa huzuni, Attracta. Watu wanataka tanuri. Wanataka kisima."

"Padri anasema ni urithi wa taifa."

"Basi ndio hivyo. Taifa linajua."

"Dada yako amejifunza kuhesabu," Attracta alisema. "Amefika kumi."

Gilroy aliendelea kukamua. Ndoo ilikuwa imejaa na maziwa yalikuwa yanamwagika kwenye majani, lakini hakuinua kichwa. Attracta alingoja mpaka ng'ombe alipoanza kupiga teke, kisha akaenda zake.

Mwezi Juni bango lilizinduliwa karibu na kituo cha basi. Alikuja diwani, wakaja watu wa redio ya wilaya, na shule nzima ikapangwa mbele. Kwa kuwa ilikuwa Alhamisi, watoto wa kiwanjani walikuwapo, wakiwa wamechanwa nywele na Attracta mwenyewe. Kwenye bango kulikuwa na kisima, tanuri, karakana na njia panda, kila kimoja na picha yake. Pale kilipo kiwanja msanii alikuwa amechora kondoo wawili. Diwani alisema kijiji kisichosahau wazee wake hakitapotea, na watu wakapiga makofi. Watoto wa kiwanjani nao walipiga makofi, vizuri, jinsi walivyofundishwa. Yule mwenye masikio alisimama kando ya Gilroy, na Gilroy alimwacha asimame.

Baada ya chai na keki mwalimu aliwapanga warudi shuleni. Barabara inapita mbele ya kanisa, na siku hiyo lango lilikuwa wazi kwa sababu ya maua ya harusi. Wanafunzi walipita langoni wakichungulia ndani. Watoto wa kiwanjani walipofika hapo waliachia mikono, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakavuka kwenda upande wa pili, wakaendelea kutembea mtaroni kwenye majani yanayowasha, na miguu yao mitupu.

"Rudini huku," mwalimu aliita. "Huko kunawasha."

Walikuwa watoto watiifu, na katika mambo yote walimsikiliza. Lakini upande ule hawakurudi. Padri Loftus alikuwa amesimama langoni na mkasi wa maua mkononi. Aliwapungia, nao wakampungia.

Attracta alikuwa bado amemshika Colman, ambaye alikuwa anamvuta taratibu, bila kulazimisha. Mkono wa pili ulikuwa na kapu. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akavuka naye.