Minji za Alfajiri

"Hapana, maitu. Hizi siwezi kupika."

Ngendo alisema hivyo katikati ya soko la Chaka, mbele ya akina mama wote, kisha akazirudisha minji zangu, njegere za kijani, guniani. Akavuka upande wa pili akanunua za mchuuzi mwenzangu Zabibu. Binti niliyemzaa mwenyewe, anayeniita maitu, mama! Nilijiona kama niliyevuliwa kitambaa kichwani hadharani.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tisa. Kabla ya hapo Ngendo alikuwa yaya kwa mhandisi Mjapani hapa Nyeri. Familia ile iliporudi kwao ikaenda naye, na huko, jikoni mwa nyanya wa watoto, akajifunza kupika. Sasa alikuwa amerudi na kufungua hoteli ndogo kando ya barabara ya Nanyuki. Kila asubuhi alikuja sokoni bila kujua atapika nini, hadi aone msimu umeleta nini. Watu walimcheka. Theuri, dereva wa lori la ngano kutoka Timau, alimwuliza, "Ati hoteli haina karanga ya nyama? Tunakuja kula ama kutazama sahani?"

Soko lilipofungwa nilimwendea.

"Umeniaibisha, Ngendo. Minji zangu ziko na makosa gani?"

"Ulizichuma jana, maitu. Utamu umeenda. Nikizikaanga na kitunguu na mafuta mengi hakuna mtu atajua. Lakini mimi sitaki kuficha chakula."

Niliondoka bila kumuaga. Hata hivyo kulipopambazuka, mlima ukiwa bado umejitanda ukungu, nilikuwa shambani, sketi imelowa umande, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Kieni. Nilichagua maganda yaliyojaa lakini hayajakomaa. Nilipasua moja, nikatafuna punje mbichi, nikasimama palepale. Nilikuwa nimelima minji tangu niolewe, na sikukumbuka ni lini nilikula moja hivyo.

Nilimpelekea kikapu mwenyewe. Alionja punje moja, akanitazama, akabandika maji. Alizichemsha kwa chumvi kidogo tu, akazitia kwenye maji baridi zisipoteze rangi, akazichanganya na wali wa Mwea uliokuwa ukitoa mvuke. Hakuongeza kitu kingine.

"Keti hapo mbele, maitu. Leo wewe ni mgeni."

Theuri aliingia akinung'unika kama kawaida yake. Alianza kula, manung'uniko yakakatika. Akamaliza, akasukuma sahani mbele iongezwe.

"Hii minji imetoka wapi?"

Ngendo alijifuta mikono kwenye aproni, akanielekeza kwa kidevu.

"Kwa shamba ya mama yangu. Ndiye huyo. Amezichuma leo."

Hoteli nzima iligeuka. Nilinyoosha mgongo, nikaendelea kula taratibu, wanione vizuri.