Watatu wa Pembeni

Kamera ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ikaingia kwenye ukumbi wa bwawa la kuogelea, lenzi inashika ukungu. Unaipangusa, ukungu unarudi. Huna la kufanya ila kuiacha izoee joto. Mimi sina subira hata ya kungoja chai ipoe, sasa fikiria hali yangu pale: jasho linanitiririka mgongoni, klorini inaniwasha macho, na watoto tisa wa timu ya kuogelea wanapiga kelele mpaka kuta zinawajibu.

Mmoja wao alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu. Tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Huyo akiamka, nyumba nzima imeamka. Mwaka mzima alikuwa na wimbo mmoja tu, mashindano ya nje ya nchi. Mama yake alikuwa kwenye viti vya wazazi, kasuka upya, kavaa kama anayekwenda harusini, na kila aliyekaa karibu naye alikwisha kupata habari kwamba bintiye anasafiri.

"Mjomba, mimi niweke katikati," Chiriku aliniambia, kofia ya kuogelea imembana paji la uso. "Bango la timu litabandikwa mji mzima. Nisije nikafichwa na bega la mtu."

"Ukinyamaza dakika moja nitakuweka juu ya paa."

"Basi paa nimelikosa," akasema, akarudi kwa wenzake anacheka.

Ndipo kocha akanivuta kando, kwenye kona ya mataulo. Ni mtu mpole, hata akikemea utadhani anaomba radhi.

"Mpiga picha, nafasi za safari zimepunguzwa," akaninong'oneza. "Wanakwenda sita. Hao watatu wengine naomba uwapange mwisho wa mstari, upande wa kulia wote, ili tukichapisha bango uwakate." Akanionyesha kwa macho, mmoja mmoja. Wa tatu alikuwa Chiriku.

"Kocha, huyo ni mtoto wa dada yangu."

"Najua."

"Mtoto anaamka alfajiri kila siku ya Mungu."

"Wote wanaamka alfajiri. Kwenye mchujo aliogelea vizuri, wenzake wakaogelea vizuri zaidi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mimi huyu niliyewahi kugombana na bwana harusi siku ya harusi yake, pale sikuwa na wa kugombana naye. Saa ya mchujo ndiyo iliyosema, na saa haina mjomba wala shangazi.

"Basi waambie kwanza," nikasema.

"Nikiwaambia sasa nitapata picha ya msiba. Nitawaambia wakishavaa, na wazazi wao wakiwepo. Tafadhali sana."

Kilichonikata maini zaidi ni kwamba Chiriku anaijua kazi yangu nje ndani. Likizo zote anashinda studioni. Kwenye harusi, ndugu wakileta mchumba ambaye hakuna mwenye uhakika naye, mimi humweka mwisho wa mstari. Wakiachana, namkata, na picha ya ukoo inabaki salama. Anayekaa kwenye kompyuta kuwakata ni Chiriku mwenyewe, na kila anapomkata mtu humuaga, "Kwaheri shemeji." Tumecheka hayo mpaka mbavu zikauma.

Ukungu ukaisha. Nikapiga moyo konde, nikaanza kupanga mstari mmoja ukingoni mwa maji. Nilijaribu ujanja, nikamtia Chiriku katikati kama mtu aliyepitiwa. Kocha akakohoa. Nikajitia kiziwi.

"Mpiga picha," akasema kwa upole wake ule ule, mbele ya wote, "huyo hapana. Kama tulivyopanga."

"Sogea kulia, mwanangu," nikasema. "Kulia tena. Hapo, baada ya huyo mrefu."

Chiriku alikwenda anacheka. Akageuka kutazama nani yuko upande wake wa pili, akawaona wale wawili ambao kila mtu alijua wanaburuza mkia. Akanitazama mimi. Kicheko kilikuwa bado mdomoni, ila machoni hakikuwepo tena.

"Hapa, mjomba?"

"Hapo."

"Una uhakika?"

Nilijidai nakaza skrubu ya tripodi iliyokwisha kukazwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na vigae vile wala havikuwa na ufa.

Akanyamaza. Chiriku, kunyamaza. Kule kwenye viti mama yake alikuwa amesimama na simu mkononi, naye apate picha yake. "Mwanangu, ingia katikati uonekane," akamwita bintiye. Kocha akatazama maji. Mimi nikatazama ndani ya kamera, maana sikuwa na pengine pa kuweka macho.

Mstari ulikuwa umebanana, bega kwa bega. Hapo kukata ni balaa. Hubaki kipande cha mkono kisicho na mwenyewe. Nikamwona Chiriku anawashika mikono wale wawili, akawavuta hatua moja pembeni. Wakamfuata wanacheka, wakidhani ni utani wake wa kila siku. Kati yake na yule mrefu pakawa na upenyo, ukuta mtupu unaonekana.

"Chiriku, karibu na mwenzako," nikasema.

"Acha tu, mjomba." Alikuwa amesimama wima, mikono ya wenzake mikononi mwake, tabasamu amelishikilia. "Hivi haitakupa tabu baadaye. Piga."

Nikapiga. Kule kwenye viti, mama yake alikuwa wa kwanza kushangilia.