Chupa Moja, Vifua Viwili

Babu yangu Loishiye ana kifua kibovu kuliko injini ya pikipiki ya Stanley jirani yetu, na nilimwambia hivyo usoni. Alicheka. Kila vumbi la Kisongo likianza kupanda, bakteria wanahamia kooni kwake, wanashuka mapafuni, tunalazwa. Nasema tunalazwa kwa sababu anayelala sakafuni chini ya kitanda ni mimi.

Mara ya pili kulazwa, Daktari Fransiska alimpa dawa ya kulainisha makohozi. Akanieleza taratibu, maana mimi ndiye msomi wa boma, kidato cha nne kamili: dawa hii haiui bakteria. Inalegeza ule uteute mzito, na pia inawafanya washindwe kujishikiza kwenye seli za koo. Wasiposhika, wanatemwa. Ila anywe kila siku, miezi mitatu, hata siku asizokohoa.

"Ya tatu mapafu yake hayataiweza," alisema.

Nikamtafsiria Babu kwa Kimaasai: ni kama kumpaka ng'ombe mafuta, kupe ateleze. Hafi, ila hapati pa kung'ata. Babu akaelewa. Akaelewa kupita kiasi.

Chupa zilipungua vizuri, nikawa namwita mwanafunzi bora. Kumbe zizini kulikuwa na ndama aliyefiwa na mama yake, naye anakohoa. Jumapili moja kabla ya ibada nikamfuma Babu amemshika taya, anammiminia dawa.

"Babu, huyo ana kadi ya kliniki?"

"Mimi sikohoi. Yeye anakohoa. Nimnyime?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Baadaye ndipo nikauliza tangu lini. Wiki tatu, akasema, na yeye mwenyewe hakuonja hata tone.

Jumatano homa ikampanda.

Leo ni siku ya sita wodini. Daktari Fransiska haelezi tena kitu; anasoma chati, ananigusa bega, anapita. Ndama alikufa jana. Mchana Babu akaisogeza barakoa ya oksijeni pembeni.

"Ndama?"

"Anakula kuliko wewe," nikamwambia. "Anauliza kama umembakizia dawa."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kukatika. Wauguzi wakaja mbio, wakanitoa nje.

Nimesimama koridoni nakisikiliza, naomba kisinyamaze.