Picha Ishirini na Tisa za Chemchemi

Usijifanye humjui mzee Sumari. Ulimwona. Ulipita pale juu ya Olmotonyi ukienda kukata majani, ukienda kwenye ubatizo, ukimpeleka mchumba wako akaone ng'ombe wa baba yako, na ulimwona ameketi kwenye jiwe, kipande cha silingibodi, ile bodi ya dari, mapajani, anachora. Ukageuza uso. Ukasema yule kachanganyikiwa, kila Januari mlima uleule.

Mimi sisahau. Nitakukumbusha.

Sumari alichora picha moja kwa mwaka. Jiwe moja, upande mmoja wa Mlima Meru: msitu, bonde, na chini yake chemchemi tuliyochota sote. Rangi alitengeneza mwenyewe kwa udongo, majivu na majani, akachanganya na uji mwepesi ili zishike. Alichora kilichokuwepo tu. Mwaka ambao wingu lilifunika kilele, picha haina kilele. Mwaka walipoangusha miti mitatu, picha ina visiki vitatu. Nyuma aliandika tarehe, basi.

Rafiki yake Aristides alikuwa kinyume chake kabisa. Huyu Mchaga ana kibanda cha kuchora na kuuza picha Sakina, kando ya barabara ya Nairobi. Hupaka rangi ya mafuta kwa kisu, na hufanya kazi akiwa ameupa mlima mgongo. Kilele chake kiko wazi siku zote, na nyasi zake hazijawahi kukauka.

"Geuka hata mara moja uutazame, Mangi," Sumari alikuwa akimwambia.

"Niutazame wa nini? Jana ulikuwepo, leo upo. Wewe ndiye unayeogopa utahama."

"Ipo siku utachora tembo juu ya paa la kanisa."

"Na atapendeza kuliko hayo matope yako. Picha zako kama ukuta wa jiko!"

Walitaniana hivyo miaka ishirini na tisa.

Kisha ukaja uzio. Mtu mmoja mwenye hati aliizungushia chemchemi waya, akaliambia baraza la ardhi kwamba pale hapakuwahi kuwa na maji ya kijiji, maji ameyachimba yeye. Wazee wetu walisimama wakaeleza. Wakaambiwa maneno matupu hayatoshi, walete ushahidi. Wengine mlikuwa mmekaa nyuma mnachezea simu. Sumari akanyoosha mkono.

"Mimi ninazo picha. Zote zina tarehe."

Tukapewa siku kumi. Nyumba ya Sumari ilikuwa inavuja na kifua kilikuwa kinambana, kwa hiyo nilizibeba mimi hadi kibandani kwa Aristides. Sumari aliagiza neno moja tu: zisilowe.

Siku ya baraza Aristides alizileta zimefungwa kwenye shuka safi. Nilisikia harufu kabla hajafungua. Zikapangwa mezani, ishirini na tisa, zinang'aa kama zimepakwa samli. Mwenyekiti, mama mtaratibu, akachukua mojawapo, akasoma nyuma, akagusa mbele. Kidole chake kikatoka na kijani.

"Mzee wangu, hapa umeandika mwaka tisini na nane. Mbona haijakauka?"

Watu wakacheka. Wakili wa mwenye uzio alicheka kuliko wote. Sumari hakumtazama. Alimtazama rafiki yake.

"Umefanya nini?"

"Nimezisafisha tu, ndugu yangu. Zilikuwa zimefifia. Ningekubalije uonekane mtu duni mbele ya wakubwa? Kilele nimekirudisha kila mahali. Maji nimeyang'arisha."

"Zote?"

"Zote. Nilifunga kibanda siku sita."

Alisema hivyo kwa fahari, masikini. Ndipo akaiona sura ya Sumari, akaanza kuzifunika tena kwa shuka. Baraza liliandika kwamba picha zimeghushiwa. Uzio ukabaki.

Nyumbani Sumari alichukua kitambaa na mafuta ya taa, akaanza kufuta rangi ya Aristides. Ilitoka vizuri. Ikatoka na udongo uliokuwa chini yake, pamoja na ule uji mkavu. Akafuta ya pili, ya tatu. Binti yake, Tekla, alimshika mkono.

"Baba, acha. Unafuta yako."

"Ngoja, mama. Hapa palikuwa na mkuyu. Ngoja uone."

Alifika kwenye bodi tupu. Ya nne hakuigusa.

Masika yale kifua kilimchukua. Maji ya kumwosha hayakutoka kwenye chemchemi aliyoichora maisha yake yote, iliyo hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Yalitoka Sakina, kwenye madumu, juu ya bodaboda. Aliyeyaleta ni Aristides, na hakuna aliyemwambia karibu.

Siku hizi hupanda kwenye lile jiwe, akakaa bila kisu, bila rangi. Nilimkuta wiki iliyopita nikamsalimia.

"Nimeuchora mlima huu zaidi ya mara elfu," akaniambia, "na sijui hata mti mmoja ulipo."

Nilimwacha pale nikashuka. Wewe ninalo la kukwambia. Rufaa yetu inasikilizwa Jumatatu. Wamemwandika marehemu kuwa mghushi, na maji wameyafunga. Lakini siku ya kipaimara chako mpiga picha alikupeleka wapi? Siku ya harusi ya dada yako mlisimama wapi na soda zenu, shela limeinuliwa lisilowe? Palepale chemchemini, maji yakiwa miguuni penu, maana hapakuwa na mahali pazuri kuliko pale. Picha hiyo iko kwenye albamu, chini ya kitambaa cha meza. Usinitumie ujumbe wa pole. Inuka sasa hivi uitoe. Usiipanguse, usiipeleke studio ikang'arishwe, ilete na vumbi lake. Jumatatu, saa mbili asubuhi, uje nayo mkononi, usimame mbele ya baraza na utaje jina lako.