Bipu ya Kufika

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ile palikuwa na sheria moja ambayo meneja hakuitunga wala hakuijua. Kila mwanamke wa zamu ya jioni akifika kwake, akishafunga mlango kwa ndani, anambipu Shangazi. Mlio mmoja, unakata. Huyo Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mkuu wa meza ya pasi, mama mtu mzima, goti moja bovu, mdomo haujui likizo. Kwa kuwa alikaa nyuma tu ya ukuta wa hoteli, yeye ndiye aliyefika kwake wa kwanza, na yeye ndiye aliyepokea bipu za wenzake wote. Hakulala mpaka ya mwisho iingie.

Ya mwisho ilikuwa ya Pindo, kila siku. Walimwita hivyo kwa sababu ya mikono yake. Shuka lile lenye mpira pembeni, linalowashinda watu wazima mpaka wanalivingirisha na kulisukumia kabatini, yeye alilikunja likatoka mraba kama karatasi. Ndiye aliyekaa mbali kuliko wote. Zamani lilikuwepo gari la kuwarudisha wafanyakazi majumbani, likaharibika, meneja akasema linatengenezwa. Linatengenezwa mpaka leo. Fundi wake sijui ni nani, labda alishakufa.

Basi Pindo akawa anatembea. Taa za barabarani ziliishia njia panda, penye duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya hapo ni giza, jumba lisilokwisha kujengwa, ukuta mrefu, kisha mtaa wao. Na muda wote anaotembea anajua kwamba kuna mama wa watu kakaa kitandani, simu mapajani, anapiga miayo, anamngoja yeye. Mama huyohuyo ndiye anayewasha pasi alfajiri. Huruma ikamwingia. Siku moja akabipu akiwa kwenye kona ya mtaa wao, nyumba anaiona. Si amefika? Siku nyingine akabipu kwenye ukuta mrefu. Wiki zikaenda, bipu ya kufika ikawa inapigwa njia panda, chini ya taa ya mwisho. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema kwamba wema wenyewe unaweza kugeuka ukawa ushahidi dhidi yako.

Usiku ule alibipu njia panda kama kawaida, akatia simu kwenye mfuko wa sweta, akaingia gizani. Nyuma yake akasikia ndala. Akapunguza mwendo, ndala zikapunguza. Akaongeza, zikaongeza.

"Dada," sauti ikaita, ya upole kabisa. "Dada, ngoja twende wote. Si vizuri mwanamke kutembea peke yake saa hizi."

Pindo akakimbia. Alipiga ukelele mmoja, na kwenye ghorofa ya juu ya duka lile palikuwa na dirisha lenye taa. Taa ikazimwa. Simu ikaruka kutoka mfukoni, akaisikia ikigonga chini, hakugeuka. Akaingia kwenye jumba lisilokwisha, akapita vyumba visivyo na milango, akajibana nyuma ya rundo la matofali na kujiziba mdomo kwa mkono. Mtu yule naye akaingia. Hakuwa na haraka. Alizunguka chumba hadi chumba akimulika, akiita: "Dada, toka bwana. Mimi sina ubaya. Simu yako hii hapa, njoo uichukue." Alisema hivyo muda mrefu. Halafu akanyamaza, na huko kunyamaza kukawa kubaya zaidi, kwa sababu Pindo hakusikia ndala zikiondoka. Akabaki palepale mpaka kukapambazuka, miguu imekufa ganzi. Hakulia. Hakuna aliyekuja kumtafuta. Nani aje, na kwa hesabu za watu alishafika kwake?

Mumewe alikuwa mwoka mikate, mtu wa kazi ya usiku, hurudi alfajiri na unga kwenye nyusi. Asubuhi ile alikuta kufuli liko mlangoni, kitanda hakijaguswa, simu ya mkewe haipatikani. Akampigia Shangazi. Shangazi, siku hiyo yuko mapumziko, kaamshwa usingizini, akajibu kwa mazoea: "Mbona kanibipu mapema tu, baba. Alishafika kitambo." Simu ingali sikioni, Pindo akaingia. Hana jeraha, hana hata mchubuko. Sweta lina vumbi la saruji mgongoni, basi.

"Umetoka wapi?"

Akamweleza. Alieleza kwa utaratibu, kama anayemweleza mgeni wa hoteli kwa nini doa halikutoka. Hapo ndipo alipoharibu mambo. Mume alimzoea mke anayelia hata kwenye harusi ya mtu asiyemjua. Huyu anayesimulia kwa macho makavu hakumtambua.

"Shangazi anasema ulimbipu."

"Nilibipu njia panda."

"Bipu yenu ni ya kufika. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza hiyo sheria, tukacheka. Sasa kama ulibipu, ulifika. Mimi nakuuliza tu, ulifika kwa nani?"

Pindo akamweleza tena.

Wifi yake, dada wa huyo mume, aliyepanga chumba cha pili uani, alishasimama mlangoni na mswaki mdomoni. Hakuwa mtu mbaya wifi huyu, ila hana kifua, neno halilali ndani yake. "Wifi, ukimbizwe usiku kucha, halafu urudi na viatu vyote viwili?" akasema. "Haya. Kaka, mwenye macho haambiwi tazama. Lakini usipige kelele, majirani watasikia." Yeye ndiye aliyekwenda kuwaambia hao majirani, hata mswaki hakuuweka chini.

Siku zilizofuata Pindo hakwenda kazini. Hakuvuka hata geti la uani. Mumewe hakumpiga, hakumtukana. Alichukua mto wake akatandika mkeka upande wa pili wa chumba, akasema mwisho wa wiki atamwita kaka yake Pindo aje wazungumze. Mazungumzo ya namna hiyo yanajulikana. Yakiisha, mwanamke anaondoka na sanduku, kaka mtu kalibeba, na mtaa mzima umesimama milangoni unaangalia.

Pindo alijua kwamba hapo mtu huogopa. Akaitafuta hofu ndani yake, hakuiona. Hasira nayo hakuiona. Alifagia, akapika, akakunja nguo zote za kabatini, akazikunjua, akazikunja upya. Siku moja mume alimmiminia chai, akainywa yote mpaka mume akashindwa kuvumilia. "Huoni haina sukari?"

"Haina?" Pindo akauliza.

Kila alipoulizwa alieleza kwa maneno yaleyale: ndala, matofali, dada toka. Kadiri alivyoyarudia ndivyo yalivyozidi kusikika kama ya kukariri, hata masikioni mwake mwenyewe. Mume alikwenda mchana kulitazama lile jumba, akakuta kweli kuna rundo la matofali. Jumba gani linalojengwa halina matofali? Akarudi vilevile alivyokwenda.

Jioni moja, mume akiwa na mapumziko, hodi ikapigwa. Alikuwa Shangazi, anahema, goti limevimba, na mfuko wa machungwa mkononi. Wakampa kiti, Pindo akachemsha chai. Tangu wajuane hakuwahi kumwona mama yule akikaa kimya hivyo.

"Baba," Shangazi akamwambia mume, kikombe kilipokuwa nusu, "nimekuja kusema jambo. Ukitaka kunitukana, nitukane nikimaliza."

"Aka, mama, nani akutukane?"

"Sikia kwanza. Mimi nikifika kwangu naweka maji ya moto kwenye beseni, naloweka miguu kwa ajili ya hili goti. Bipu ya mkeo ilikuwa inaingia maji yameshapoa, baridi kabisa. Mwaka mzima hivyo. Halafu ikaanza kuingia maji yakiwa vuguvugu. Halafu yakiwa ya moto, baba. Ya moto! Huyu ana mbawa?" Akamgeukia Pindo. "Ulidhani sijui?"

Pindo akaliweka birika chini.

"Nilijua unabipu njiani. Ilikuwa nikupigie nikwambie, mwanangu, acha huo mchezo. Sikupiga. Usingizi ulikuwa mtamu." Akajifuta pua kwa kiganja. "Na asubuhi ile, baba, uliponiuliza, nikakwambia alishafika. Nilisema kitu nisichokijua. Uliponiambia kwaheri nikakaa kitandani nikaona nilichofanya, na nikaogopa kuja. Mtu na mvi zangu, nimeogopa siku zote hizi. Mkeo hakufika kwa mtu. Alibipu njia panda ili mimi nilale."

Mume akainamisha kichwa, akakishika kwa mikono miwili. "Kumbe ni kweli," akasema. Akamshika mkewe mkono. "Nisamehe, mke wangu. Kumbe ni kweli."

Pindo aliuona mkono wake umeshikwa. Yaliyosemwa na Shangazi ndiyo aliyoyasema yeye, neno kwa neno, asubuhi, mchana na jioni, ila yalikuwa yakitoka kwenye kinywa chake. Akajua kwamba hapo mtu hufurahi. "Sawa," akasema. Kutoka dirishani sauti ya wifi ikasema, "Mimi tangu mwanzo nilisema," na hakuna aliyemwuliza alisema nini. Pindo akauvuta mkono wake, akamwongezea mgeni chai ya moto.

Giza lilikuwa limeshaingia. Shangazi akanywa mafunda mawili, akainuka. Mume akainuka naye amsindikize.

"Keti," Shangazi akasema. "Kaa na mkeo, una kazi kubwa hapo. Mimi kikongwe, na goti hili, nani anitake? Nikifika nitakubipu wewe, mwenzio hana simu." Akaondoka anachechemea.

Mume akaanza kusema. Atatafuta simu nyingine. Ataomba zamu ya mchana kazini kwake. Atakuwa anamfuata hotelini mwenyewe, kila siku, hata mvua inyeshe. Mkeka akauviringisha palepale, akaurudisha mto kitandani, akaugonga gonga. Alikuwa anasema kweli, maskini, na Pindo alimsikia kama anavyosikia mashine ya kufulia, inazunguka, hata haijui. Akaanza kukusanya vyombo. Simu ya mume ikalia mezani mara moja, ikakata.

"Huyo kafika," mume akasema. "Afadhali."

Pindo alikuwa kashika kikombe cha Shangazi. Hakukiweka kwenye sinia. Akakikumbatia kwa viganja vyote viwili, akasimama.

"Hajafika," akasema.

"Si kabipu?"

"Shika." Akampa kikombe. Mume akakishika. Chai ilikuwa bado ya moto. Akakitazama kikombe, akamtazama mkewe, na uso wake ukabadilika.

Pindo alishavaa viatu. "Vaa vyako," akasema. "Haraka, wewe!"

Aliongoza yeye. Geti la uani akalivuka bila kujua kwamba kalivuka. Ukuta mrefu ukapita. Jumba lisilokwisha likapita, madirisha yake matundu matupu, akaliangalia na miguu ikaendelea. Hofu ilikuwa imefika, yote kwa mpigo. Akaanza kukimbia, mume nyuma yake anaita.

Wakamkuta njia panda, chini ya taa, amekaa kwenye ngazi ya duka la vifaa. Kanyoosha mguu, analisugua goti. Peke yake. Mzima.

"Nyie! Kimewatoa nini?" Shangazi akashtuka. "Si nimebipu?"

"Umebipu ukiwa wapi?" Pindo akauliza.

"Hapahapa. Goti limekataa. Nikasema niwabipu mlale zenu, mimi nitajikokota..." Mkono ukaenda mdomoni.

Hapo ndipo Pindo alipolia. Hakulia kistaarabu. Alikaa chini barabarani akatoa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia, akapiga lami kwa viganja, akalia ya usiku ule na ya siku zote zilizofuata. Dirisha la juu ya duka likawaka taa, likafunguka, mtu akachungulia na kuuliza kuna nini huko chini.

"Sasa ndiyo unafungua!" Pindo akamfokea, kamasi na machozi. "Sasa ndiyo unafungua!"

Safari hii mtu wa dirishani hakuzima taa. Mume alitaka kumnyanyua mkewe, Shangazi akamzuia kwa jicho kali. "Mwache," akasema. "Mwache alie, baba. Hiki ndicho kilio ulichokuwa unakitaka siku ile." Mume akarudi nyuma, akasimama pale na mikono yake isiyo na kazi.

Alipomaliza, walimnyanyua mama wakamshika, mume upande huu, Pindo upande ule, wakamkokota polepole mpaka nyuma ya ukuta wa hoteli. Akaingia kwake. Wakasubiri nje mpaka wakasikia komeo. Kisha simu ya mume ikalia mara moja, ikakata.

Pindo akaichukua mkononi mwake, akaiangalia vizuri.

"Haya," akasema. "Huyo kafika. Sasa nipeleke na mimi."